Taa ya 4WD inawaka ila tairi za mbele zimetulia: fowili, habu na difu loki zinavyofanya kazi

Kuna kisa kinajirudia kila masika ikichanganya. Land Cruiser mkonga, ile yenye bomba la hewa linalopanda pembeni ya kioo, imezama kwenye ule udongo mweusi wa mbugani, dereva kashavuta leva ya fowili, yaani ya kufanya tairi zote nne zivute, taa ya 4WD kwenye deshibodi inawaka, anakanyaga mafuta, tairi za nyuma zinachimba mpaka difu inalala juu ya tope na zile za mbele wala hazina habari. Mwambie haupo fowili uone atakavyokujia juu, maana leva iko H4, fowili ya mwendo wa kawaida, na taa anaiona kwa macho yake. Na kweli hadanganyi. Ila ile taa inapata taarifa zake kutoka kwenye transfa tu, kiboksi kinachogawa nguvu mbele na nyuma, kule kwenye tairi kama kuna kitu kimeshikana au hakijashikana yenyewe haijui.

Fowili watu wengi wanaichukulia kama swichi moja, unawasha unazima. Kiukweli ni mlolongo wa vyuma, kila sehemu kuna mahali pa kuunganisha na kuachia, na sehemu moja tu ikiwa imeachia basi huko mbele yake yote ni mapambo. Tuufuate mlolongo wenyewe kuanzia injini.

Nguvu inatoka injini, inapita klachi, inaingia giaboksi, mpaka hapo haina tofauti na gari nyingine yoyote. Nyuma ya giaboksi sasa kuna kiboksi kingine, hiyo ndo transfa, na ndiyo inayosimamiwa na ile leva ndogo pembeni ya leva ya gia. Transfa ina njia mbili za kutolea nguvu, moja inaenda nyuma kwa propela ndefu, nyingine mbele kwa propela fupi. Kila propela inaishia kwenye difu yake, difu inagawa kulia na kushoto kwa shafti mbili zilizoko ndani ya ekseli, shafti inaenda mpaka kwenye tairi. Kwa mbele kuna nyongeza, sababu zile tairi lazima zikate kona huku zinavuta, kwahiyo shafti zina sivijointi mwishoni, ile yenye gololi ndani. Na baada ya sivijointi, pale katikati ya rimu kabisa, ndo unaikuta habu. Tutairudia, maana ndiyo iliyomzamisha huyu jamaa yetu.

Kwanza difu, hii usipoielewa mengine yote hayatakaa. Gari ikikata kona tairi ya nje inatembea safari ndefu kuliko ya ndani. Chukua Land Cruiser ile ya milango minne, 76, kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma ni mita 2.73. Ukunje stelingi mpaka mwisho ugeuze gari nusu duara, katikati ya ekseli ya nyuma panatembea kama mita 15.7, ila tairi ya nje ya nyuma inaizidi ya ndani kwa mita 4 na nusu hivi. Zingekuwa zimefungwa kwenye chuma kimoja mojawapo ingebidi iburuzwe. Difu ipo kwa ajili hiyo, inapitisha nguvu pande zote mbili huku inaruhusu moja iende haraka kuliko nyingine.

Hapo wengi wako sawa. Kinachosahaulika ni kwamba ekseli ya mbele nayo haitembei umbali sawa na ya nyuma. Kwenye geuza hiyohiyo, katikati ya ekseli ya mbele panatembea kama mita 17.9, yaani mita 2.2 zaidi ya nyuma, karibu mzunguko mzima wa tairi. Na kwa kuwa propela inazunguka kama mara 4 kwa kila mzunguko mmoja wa tairi, propela ya mbele ilitakiwa iwe imeizidi ya nyuma kwa zaidi ya mizunguko 3, kwa kugeuza gari mara moja tu!

Sasa rudi kwenye transfa ya mkonga. Ukiweka H4 inazifunga propela mbili pamoja, zinazunguka sawasawa, hakuna difu katikati ya kuzituliza. Ile mizunguko 3 inaenda wapi? Kwenye tope, mchanga au changarawe haina shida, tairi zinateleza kidogo kila wakati, tofauti inaishia hapo chini na hausikii kitu. Kwenye lami kavu tairi imeshika, haikubali kuteleza kirahisi, kwahiyo vyuma vinaanza kujikamua kama nguo inayokamuliwa, shafti, propela, meno ya gia, vyote vinabeba msongo ambao hauna pa kutokea. Stelingi inakuwa nzito, gari inakuwa kama imeshikwa breki kwenye kona, wakati mwingine inaruka kidogo kwa kishindo tairi moja ikishindwa kuvumilia. Alafu unataka kurudisha H2, tairi za nyuma peke yake zivute, leva haitoki. Usiipigane nayo, rudi nyuma mita chache ukiwa umenyoosha tairi, au shusha tairi za upande mmoja kwenye vumbi, msongo ukiisha leva inatoka yenyewe laini kabisa.

Ndo maana mfumo huu ni wa kutumia inapobidi tu. Mtu anayekwambia anaendesha mkonga kwenye H4 kutoka Arusha mpaka Makuyuni "ili ishike barabara vizuri", anakula tairi, anakula mafuta, na ipo siku atakula transfa.

Wapo walioliona hilo wakaweka difu ya tatu katikati, ndani ya transfa, kati ya propela ya mbele na ya nyuma. Range Rover ya 1970 ilikuja hivyo, Land Rover wakaleta kwenye One Ten mwaka 1983, ambayo baadae ndo ikaitwa Defender, na Land Cruiser 80 nyingi nazo ziko hivyo. Gari hizi zipo fowili muda wote, lami na tope, na hazijikamui. Utamu huo una bei yake. Difu yoyote ya kawaida ina tabia mbaya moja, nguvu ya kuzungusha inayopeleka pande zake mbili ni ileile, kwahiyo upande uliokosa kushika ndo unaopanga kiasi cha nguvu kwa wote. Tairi moja ikiwa hewani inahitaji nguvu kiduchu sana kuzunguka, basi na mwenzake aliyeko kwenye ardhi nzuri anapata kiduchu hichohicho. Ukiweka na difu ya katikati, tairi moja tu inayozunguka bure inaweza kukusimamisha gari nzima na fowili yako ya muda wote. Dawa yake ni loki ya difu ya kati, kwenye Defender leva ileile unaisukuma pembeni, na ukishailoki umekuwa sawa na mkonga aliyeko H4, raha zake na karaha zake, ikiwemo kutotakiwa kwenye lami.

Haya, habu.

Jeep za jeshi za Marekani kuanzia 1941 hazikuwa na kitu kama hicho, shafti ya mbele ilikuwa imefungwa moja kwa moja na tairi. Leva iwe fowili isiwe fowili, tairi za mbele zikitembea zinazungusha shafti zake, difu ya mbele na propela ya mbele, mzigo mzima unaburuzwa bila kazi. Vitani nani anajali. Vita ilipoisha Jeep zikauzwa kwa raia, wakulima wakawa wanazipiga barabarani kila siku, hapo ndo makelele, mtetemo na unywaji wa mafuta vikaanza kuuma. Mwaka 1948 kule Seattle, Arthur Warn akaanza kutengeneza habu za kuloki na kufungua kwa ajili ya Jeep hizo, na jina la Warn lipo mpaka leo kwenye habu na winchi.

Kilichomo ndani ni kitu rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kuna sehemu ya ndani yenye meno, imevaa kwenye ncha ya shafti. Kuna sehemu ya nje imefungwa kwa nati kwenye kile kinachobeba rimu na kuzungukia beringi. Kati yao kuna ringi yenye meno inayoteleza mbele na nyuma. Ukizungusha kile kidude cha juu kwenda LOCK, springi inaisukuma ringi mpaka meno yashike pande zote mbili, sasa shafti na tairi ni kitu kimoja. Ukizungusha kwenda FREE ringi inajitoa, tairi inazunguka kwenye beringi zake, shafti na vyote vilivyo nyuma yake vimelala.

Kwahiyo una viungio viwili tofauti, leva ndani na habu nje, na ndo hapo watu wanachanganyikiwa. Leva H2 na habu FREE ni mwendo wa lami, mbele kumelala kabisa. Leva H4 na habu LOCK ni fowili kamili. Leva H4 na habu FREE ndo yule jamaa yetu wa kwenye tope, propela ya mbele inazunguka, difu inazunguka, shafti zinazunguka, taa inawaka, alafu nguvu inafika mlangoni kwa tairi inakuta pamefungwa. Inabaki moja ambayo wengi wanaiogopa bure, leva H2 na habu LOCK. Hii haina madhara yoyote, hata kwenye lami hata kwenye kona, sababu transfa haijazifunga propela pamoja, tairi za mbele zinaburuza tu vyuma vyao kama Jeep ya 1941. Unapoteza mafuta kidogo, basi. Madereva wazoefu wa safari wanaloki habu asubuhi wakiwa bado pakavu na viatu visafi, wanaendelea na H2, wakifika pabaya ni kuvuta leva tu bila kushuka. Anayesubiri azame kwanza ndo utamkuta amepiga magoti kwenye tope anatafuta habu kwa mikono.

Jambo lingine ambalo hata mafundi wengine huwa wanabisha: habu moja ikigoma kushika, mbele kote kumekufa. Sio kwamba unabaki na tairi tatu zinazovuta. Kumbuka tabia ya difu, upande uliolegea ndo unapanga. Shafti ya upande wenye habu FREE inazunguka bure, haina upinzani wowote, basi na upande uliolokiwa vizuri hauambulii kitu. Ukiwa LOCK pande zote kwa macho na bado mbele hakuvuti, usikimbilie kufungua transfa, anza na habu moja moja.

Na ukiwa umeweka L4 huku habu ziko FREE unacheza na pesa. L4 ni gia ya kupunguza mwendo na kuongeza nguvu ya kuzungusha, kwenye Land Cruiser nyingi ni kama mara 2.5. Nguvu hiyo ilipangwa igawane ekseli mbili, sasa yote inaenda nyuma peke yake, tairi ikishika ghafla kwenye jiwe shafti ya nyuma inaweza kukatika.

Baadae zikaja habu za oto kwa watu wasiopenda kushuka. Leva ikiingia fowili shafti inaanza kuzunguka, ule mzunguko wenyewe ndo unasukuma meno yashike, na ukitaka zifunguke unarudisha H2 unarudi nyuma mita mbili tatu. Nyingi zimewekewa na sehemu ya kuloki kwa mkono, na waliofanya hivyo walikuwa na sababu. Aina za zamani ukishuka mlima kwa kutegemea injini ikushike, nguvu inageuka, tairi sasa ndo inasukuma shafti, habu inaweza kujitoa palepale unapoihitaji. Suzuki Jimny ile iliyotoka 1998 yenyewe inatumia mvuto wa hewa kupitia vipaipu vidogo vya mpira, kizuri sana kikiwa kipya. Mpira ukipasuka hewa inavuja na fowili inaanza kukataa, watu wanabadilisha transfa wakati tatizo ni kipaipu. Hilux nyingi za siku hizi hazina habu ya kuloki kabisa, shafti ya upande mmoja inakatwa na kuunganishwa palepale kwenye difu ya mbele. Kama ulishaelewa kwanini habu moja ikiachia mbele kote kunakufa, basi umeelewa kwanini kukata upande mmoja kunatosha.

Tuje kwenye ubishi wa vijiweni: "mimi nimeloki habu, nimeloki difu". Hapana, umeloki habu. Mkonga mwenye H4 na habu LOCK bado ana difu mbili za kawaida mbele na nyuma, na anaweza kusimamishwa na shimo moja. Pita kwenye korongo kwa mshazari, tairi ya mbele kushoto ininginie na ya nyuma kulia ininginie, hizo mbili zitazunguka hewani kwa raha zao na zile mbili zilizoko chini hazitasukuma chochote. Difu loki ndo inayotibu hapo, inafunga shafti ya kulia na kushoto ziwe chuma kimoja, tairi iliyo hewani haiwezi tena kumwibia mwenzake. Land Cruiser 70 zilizokuja nazo zina kitufe cha kuzungusha kwenye deshibodi, ya nyuma inaingia kwanza, ya mbele baadae, na ya mbele ukiweka sahau habari za kukata kona, stelingi inagoma. Kukunja stelingi mpaka mwisho, difu ya mbele imelokiwa, na kukanyaga mafuta kwa hasira, hapo sivijointi haitakuvumilia. Difu loki ni ya mita chache, ukitoka tu kwenye shimo unaitoa. Gari mpya zina mfumo wa umeme unaoibana kwa breki tairi inayozunguka bure ili nguvu ihamie kwa nyingine, unasaidia sana, ila hausogei haraka kama loki ya chuma kwenye tope zito.

Na L4 sio ya kukwamuka tu. Barabara ya Seneto ya kushukia kreta ya Ngorongoro, ambako gari isiyo fowili hairuhusiwi kushuka, dereva anayejua kazi anaweka gia ndogo ya L4 na injini inashika tairi zote nne, mguu wa breki unapumzika. Anayeshuka kwa breki tupu utamnusa kabla hujamwona. Kuingia L4 simamisha gari kwanza, hakuna ujanja wa kuingiza inatembea.

RAV4 na Noah za karibuni zenye fowili, X-Trail, hizi ni habari tofauti. Kwa kawaida ni gari za kuvuta mbele, nyuma panaitwa tairi za mbele zikianza kuteleza, kwa klachi inayobanwa na umeme au kwa kiboksi cha mafuta mazito. Subaru wao wana mifumo yao kadhaa kutegemea giaboksi. Zote nzuri kwa mvua, vumbi na kilima cha kwenda nyumbani, nyingi hazina L4, na klachi ile ukiifanyisha kazi ya trekta inapata moto na kujizima. Kubwa la kushika kwa hizi ni tairi: weka nne zinazolingana, usichanganye mpya mbili na kipara mbili, maana mfumo unaona tofauti ya mzunguko muda wote na unafanya kazi hata kwenye lami iliyonyooka.

Kwa wenye habu za mkono, usiziache FREE miezi sita. Mbele kukilala muda mrefu oili haipandi kwenye gia na sivijointi inakauka juu. Toyota kwenye vitabu vya baadhi ya gari zao wanashauri kutembea fowili kama kilomita 16 kila mwezi, kwenye barabara ya vumbi bila shaka. Na fundi akifungua habu mwambie grisi ni ya kupaka tu, sio kujaza, grisi nyingi inazuia ile ringi isiteleze na springi inashindwa kuisukuma, habu inasoma LOCK huku meno hayajafika. Kidude kikiwa kigumu kuzunguka usikiendee na koleo, sogeza gari kidogo mbele na nyuma, mara nyingi meno yamebanwa tu.

Ukienda kununua mkonga wa mtumba, omba jeki. Weka kigingi nyuma, leva H2, inua mbele pande zote mbili. Habu zikiwa FREE zungusha tairi kwa mkono, izunguke nyepesi na ndani kusisogee kitu. Loki ya kulia uzungushe, loki ya kushoto uzungushe, kila upande uone shafti inafuata na usikie uzito wa difu. Pande zote zikiwa LOCK, mtu azizungushe mbili kwa pamoja kwenda mbele na wewe uangalie chini kama propela ya mbele inazunguka. Alafu pitisha kidole nyuma ya tairi, kwenye kile chuma cha duara kama mpira ambacho tairi inageukia juu yake ukikunja stelingi. Ukikuta uji wa grisi na oili vimechanganyika na kushuka mpaka kwenye rimu, sili ya ndani imekufa, hiyo kazi ni ya siku nzima kila upande na bei ya gari inabidi ishuke kabla hujaanza kuongelea mengine.